Mama mkwe hataki Idd ya hotelini, nami sitaki tena kupika peke yangu

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Temeke, na nimeajiriwa. Mume wangu ndiye mtoto wa kwanza kwao. Kwao ni Tanga, Ngamiani, na tangu tuoane Idd el-Fitri tulikuwa tunakwenda kuila huko kwa wazee. Baba mkwe alipotangulia mbele ya haki, mama alibaki na nyumba kubwa na magoti mabovu. Mwaka jana ikaamuliwa, bila mimi kuulizwa, kwamba Idd ihamie Dar kwetu, kwa vile mume wangu ndiye mkubwa na ndiye mwenye sebule.

Nilipika mwenyewe. Niliamka saa tisa usiku, na sala ya Idd niliisikia kwenye spika za msikiti nikiwa nakata vitunguu. Nina jiko la gesi la plate mbili na la mkaa moja. Pilau niliigawa sufuria tatu: moja ikatoka bokoboko, moja ikaungua, ya tatu ndiyo waliyopelekewa wazee. Chakula kilitoka saa tisa na nusu alasiri, watoto wameshashiba biskuti na soda. Wifi yangu, ambaye alikuwa kwenye kochi na simu yake tangu asubuhi, akasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Ingekuwa Tanga sasa hivi tuko usingizini." Nikaingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka kupakua.

Mwaka huu mume wangu, ambaye kweli aliniona nilivyoteseka, akaja na wazo la hoteli. Kuna mahali wanatangaza bufee ya Idd mosi, mtu mzima 35,000 na mtoto nusu. Sisi tuko watu wazima 14 na watoto 8, kwa hiyo 630,000. Alikuwa radhi kuitoa. Mimi nilifurahi hadi nikaanza kuwaza nguo ya kuvaa. Akampigia mama yake. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hao watakaokuja kunipa mkono watanikuta wapi?" Hakusema zaidi. Kesho yake kwenye grupu la familia wifi akaandika kwamba siku hizi kuna wake wanaona uzito kumpikia mama wa mume hata mara moja kwa mwaka. Hakutaja jina, ila wote tulijua.

Kuna na hili. Shemeji yangu mmoja anafuata mwezi wa kimataifa, wakati sisi na mama tunasubiri tangazo la BAKWATA. Kwa hiyo hata siku yenyewe hatuijui mpaka usiku wake. Hoteli wanataka tarehe na malipo ya awali, na mwenye bucha naye anauliza nyama ya lini. Niliwaza kuagiza pilau kwa mama wa kupika, lakini jirani yangu aliagiza mwaka jana ikaletwa saa kumi jioni, imepoa, nyama za kuhesabu.

Somo, nishikilie hoteli? Niagize? Na kama ni kupika, napikaje bila kurudia ya mwaka jana?

Ni mimi,
Mke wa Mtoto Mkubwa, Temeke.

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na lile ambalo hutalipenda: hoteli kwa mchana wa Idd mosi, iacheni. Hakuna ubaya wowote katika kula hotelini, na chini huko nitakupa siku yake. Ila sikiliza tena alichouliza mama mkwe wako. Hakusema anataka pilau ya mkono wako. Kauliza watu watamkuta wapi. Kwa mama wa umri wake, Idd mosi ni kukaa mahali pamoja, leso mpya mwilini na udi umeshafukizwa, watu wamjie: wapwa, watoto wa shoga zake, majirani wa zamani wa Ngamiani waliohamia Mbagala. Anayeingia anatoa mkono, anatiliwa kitu kwenye sahani, mtoto anapewa mkono wake wa Idd, wanaondoka, wanaingia wengine. Sasa umpeleke hotelini saa saba, mtu katoka Mbagala kwa daladala mbili anakuta kufuli. Na kwenye bufee ya kulipiwa kwa kichwa, mgeni wa kupita hana kiti.

Ila kumfungulia mama mlango ni jambo moja, na wewe kuungua nyuma ya huo mlango ni jambo lingine, na nyumba yenu imeyafunga fundo moja. Jiulize, kule Tanga nani alikuwa anapika? Ulikuwepo, unajua. Kulikuwa na uani wa kuweka mafiga, kijana wa kuchochea kuni, majirani wa kumenya vitunguu thomu tangu usiku wa kuamkia Idd, na mama mkwe mwenyewe juu ya kigoda akionja chumvi. Mlipoihamisha sikukuu mlileta Dar wageni, mkawaacha Tanga wapishi. Halafu kazi ya watu wanane ikawekwa mbele ya mwanamke mmoja mwenye plate mbili za gesi. Hata mimi ningetoa bokoboko.

Kwa hiyo pilau ipikwe kwenu, ila usiipike wewe. Hapo Temeke hamkosi wapishi wa shughuli, wale wanaoitwa kwenye harusi, hitma na maulidi, wanawake kwa wanaume. Ulizia msikitini au kwa wanaokodisha viti na turubai, wanafahamiana wote. Mpishi mmoja na msaidizi wake, kwa sufuria moja, ni kazi ya asubuhi moja tu kwao. Ila mtafute sasa, Ramadhani ikiwa bado changa. Kumi la mwisho likishaingia utaambiwa kila mmoja ameshachukuliwa. Mwambie pia kwamba siku inategemea mwezi. Hilo halimsumbui, wateja wake wote wa Idd wako hivyo hivyo. Hii ndiyo tofauti yake na hoteli inayotaka tarehe.

Pesa ipo. Mumeo alikuwa tayari kutoa 630,000, basi asizirudishe mfukoni kwa sababu tu hoteli imekufa. Nyama, mchele, viungo, mpishi, kuni, sufuria la kukodi, turubai na soda za watoto, ukivijumlisha vyote kwa bei za Dar naona hamfiki kiasi hicho, na kinachobaki kina kazi yake Idd pili.

Na huyo mumeo ndiye aongee. Wewe usimpigie mama mkwe kujitetea, na kwenye grupu usimjibu wifi hata kwa kopa la emoji. Mumeo aandike yeye, kwa jina lake, kitu kama hiki: "Ndugu zangu, Idd mosi tunakula nyumbani kwangu na mama atakuwepo kuwapokea. Mpishi nimemchukua mimi. Fulani kachumbari na matunda, fulani juisi ya ukwaju, fulani atakuja saa tatu kuwavalisha watoto na kuwashika. Idd pili jioni tunatoka wote." Hapo kwenye kachumbari aweke jina la wifi. Kilo mbili za nyanya na kilo ya vitunguu vya kuosha kwa chumvi vinamtosha mtu asipate nafasi ya kukaa kwenye kochi. Akikataa, watu wataona aliyekataa ni nani.

Mama mkwe naye apewe lake, tena la heshima. Mumeo amwombe aje na binzari nyembamba ya kwao, aliyoikaanga na kuisaga mwenyewe, na siku hiyo awekewe kiti karibu na sufuria ili chumvi isitiwe mpaka aonje. Mpishi wa shughuli hatakasirika, amezoea kusimamiwa na mabibi. Pilau hiyo ikishaonjwa na mama, nani tena ataisema?

Sasa mwezi. Kabla ya lolote, mulizeni mama anafunga na kufungua na nani. Umesema ni BAKWATA, basi siku ya karamu ni siku atakayosali mama, basi, hakuna mjadala wa sebuleni. Shemeji na imani yake mumwache. Ikitokea Idd yake imetangulia kwa siku moja, asialikwe kula pilau kwenu mchana ambao mama yake bado amefunga, hiyo itakuwa karaha. Aje kesho yake. Na kwa kuwa yeye siku ya mwisho ya wenzake hana swaumu, ana nguvu, ndiye wa kutumwa bucha na kubeba kuni. Msimcheke akifika, mpeni kazi.

Nyama ndiyo inayokutisha, na wala haitishi. Nenda kwa mwenye bucha wako siku mbili tatu kabla, mkubaliane kilo na aina, umwachie kitu kidogo, na umwambie utakuja kuichukua jioni ya ishirini na tisa. Usiku wa kuamkia Idd mabucha ya mitaani hayalali mapema, kwa hiyo hata ukisubiri tangazo kwanza hukosi, ila utapanga foleni na utapewa mifupa. Mimi ningeichukua jioni ile ile. Mwezi ukiandama, nyama inaingia jikoni. Usipoandama, nusu inakuwa mchuzi wa daku na futari na nusu inaingia kwenye friji kusubiri. Hakuna kilichopotea.

Vipimo sasa, maana hapa ndipo wengi wanapokisia. Watu wazima 14, na watoto 8 uwahesabu kama wanne, mnakuwa sahani 18. Kwa ulaji wa pwani kilo moja ya mchele ni watu sita. Hapo ni kilo 3. Ongeza kilo 1 ya wanaokuja kutoa mkono na sahani za majirani, maana sahani ya jirani huwezi kuikwepa, na nusu kilo ya usichokijua. Kilo 4 na nusu za mchele, kilo 5 za nyama yenye mifupa kidogo, vitunguu maji kilo 1 na nusu, viazi kilo 2, thomu vichwa vitano au sita, tangawizi ya kujaa kiganja, mafuta robo tatu lita. Binzari nyembamba vijiko vya chakula saba hivi, pilipili manga, iliki, mdalasini, na karafuu kwa mkono mwepesi, maana karafuu ikizidi pilau inanuka dawa ya meno. Sufuria liwe la lita 30. La lita 20 litaenea mchele ila mwiko hautageuka ndani, na hapo ndipo pilau inapopondeka.

Usisahau kwamba mchele huo ni mbali na wa fitri. Zaka ya fitri ni pishi kwa kila kichwa, karibu kilo 2 na nusu. Nyumba yako ya watu watano ni kilo 12 na nusu, na inatakiwa iwe imewafikia wenyewe kabla ya sala ya Idd. Watu wananunua mchele wa pilau wa kunukia kutoka Kyela, halafu fitri wanaikumbuka alfajiri duka limefungwa.

Siri ya kutoa chakula saa saba badala ya saa tisa na nusu iko usiku. Mwezi ukishatangazwa, bandika nyama na thomu, tangawizi na chumvi, maji ya kutosha ubaki na supu ya lita 7 au 8. Iive, ila isilainike kupita kiasi, itamalizikia kwenye mchele. Ikipoa igawanye vyombo viwili ipoe haraka, iingie friji, na asubuhi ichemshwe tena mpaka itokote. Vitunguu navyo vikaangwe usiku. Mchele uchambuliwe usiku, watoto wanaipenda sana kazi hiyo mradi wapewe sinia na taa. Ukilala saa sita, umelala. Alfajiri unaamka, unaoga, unavaa, mnakula tende zenu kwa witiri kama ilivyo sunna kabla ya kutoka, na unakwenda kusali Idd kama watu wengine. Hilo la sala ndilo lililoniuma zaidi katika barua yako.

Mpishi aanze kuwasha moto mkiwa mnarudi, saa tatu hivi. Kama ni mpishi anayejua kazi hana haja ya maelezo yangu, ila wewe yajue ili asikuharibie. Vitunguu vya jana vinarudishwa kwenye mafuta ya moto, na rangi yake ndiyo rangi ya pilau: vikiwa vya dhahabu pilau inatoka kama wali wa mgonjwa, vikiwa vyeusi inatoka chungu, unataka kahawia ya ganda la tende kavu. Thomu na tangawizi, viungo, viazi, nyama, vinageuzwa mpaka binzari inukie hadi kwa jirani. Kisha supu, ikitokota ndipo aonje mama. Iwe imekolea chumvi kidogo kuliko unavyoipenda, kwa sababu mchele utakuja kuifyonza. Mchele ukiingia, supu isimame juu yake kwa kiungo kimoja cha kidole. Kwa sufuria kubwa usiende na kipimo cha kikombe ulichozoea kwenye sufuria dogo, maana mvuke unaopotea ni kidogo na kikombe kilekile kitakupa maji mengi. Nashuku ndiyo ile bokoboko yako. Sababu nyingine ni mchele: mpya, wa msimu huu, haunywi maji kama uliokaa ghalani. Muulize muuzaji, na jikoni kwako upike kikombe kimoja cha majaribio wiki moja kabla.

Supu ikishakauka juu, kuni zinatolewa chini, mfuniko unafunikwa, makaa yanapaliwa juu yake, nusu saa bila mtu kufunua. Bila mtu kufunua, namaanisha na wewe.

Miaka hii Idd inatuangukia mlangoni mwa masika, kwa hiyo turubai si anasa, hata dogo la kufunika mafiga tu. Na pakueni kwenye masinia, watu wanne wanne au watano watano kwenye jamvi. Masinia matano unayaosha kwa dakika kumi, sahani 22 na vijiko vyake zinakuweka kwenye karo mpaka magharibi.

Kuagiza nje? Agiza, ila agiza vitu visivyoogopa kungoja. Jirani yako aliagiza pilau, na pilau ya Idd mosi iko kwenye foleni na za watu wengine wote wa mtaa. Vileja, visheti na kashata hutengenezwa siku kadhaa kabla na mwezi ukichelewa havidhuriki. Mkate wa kumimina na sambusa waagize akina mama wa mtaani kwako, uwaambie wazi kwamba mwezi usipoandama siku ya ishirini na tisa unachukua kesho yake. Halua nunua Kariakoo mapema. Kilichobaki cha kupika kwa ajili ya chai ya asubuhi ni tambi za sukari na nazi, na hizo binti yako mkubwa anaziweza, au mumeo, hazina ufundi.

Sasa tutoke. Serikali inatoa siku mbili za mapumziko kwa Idd el-Fitri, na ile ya pili ndiyo yenu ya kula nje. Wageni wa mama wameshapita, hakuna anayedai kitu, na wewe unakaa kwenye kiti ukiulizwa utakula nini. Kila mara nawaambia wanaume: mke ukitaka kumpumzisha kwa hoteli, usimpeleke siku ambayo nyumba inamhitaji, atakula akitazama simu.

Mahali? Bufee ya 35,000 mnaweza mkairudia Idd pili, lakini kwa watoto 8 naiona pesa ya bure, watakula chipsi na aiskrimu. Familia nyingi zitakimbilia Coco Beach kwa mihogo ya kukaanga na mishikaki, na ni pazuri kweli, ila jioni ya Idd pale panajaa mpaka watoto wanapotea. Mkienda, fikeni saa kumi, muondoke kabla ya magharibi, kila mtoto awe na namba ya simu ya baba yake kwenye karatasi mfukoni, na mkubaliane mahali pa kukutana ambapo hata wa miaka sita anapajua. Mama na magoti yake sioni akikaa mchangani.

Kama anapenda samaki, na Mtanga gani hapendi, mumeo anaweza kumpeleka Feri. Achague samaki mwenyewe, akaangiwe pale pale, mle na ndimu na pilipili. Pana kelele na maji miguuni, ila watu wa pwani hiyo kwao si taabu, na watoto wanatazama pantoni zikienda Kigamboni. Chaguo la tatu, ambalo mimi ningelichukua, ni mgahawa mdogo wa biriani au kuku wa kuchoma karibu na kwenu, wenye viti vya kuegemea, choo safi na mahali pa kusalia. Mumeo apite mwenyewe wiki moja kabla aulize mambo matatu: Idd pili mnafungua saa ngapi, mnauza pombe, na meza ya watu 22 mnaiweza au tuje nusu nusu? La kwanza si swali la kijinga. Wapishi nao wana Idd zao, na hoteli ndogo kadhaa za Waislamu hufunga siku ya kwanza na nyingine hata ya pili. La pili aulize kwa ajili ya mama, maana akishaiona chupa kwenye meza ya jirani hatameza tonge.

Na mwende wangapi? Si lazima wote 22. Idd mosi ndiyo ya ukoo. Idd pili naona uende wewe, mumeo, watoto na mama, na atakayetaka kujiunga ajilipie. Mumeo alitangaze hilo mapema, tena kwenye grupu lile lile.

Mwisho kabisa ni kiporo, kwa sababu pilau ya kilo 4 na nusu itabaki na joto la Dar halina huruma. Ikishapita saa mbili tangu kupakuliwa, iliyobaki isikae sufuriani chini ya kawa ikisubiri atakayepita jioni. Igawe kwenye vyombo vifupi ipoe upesi, ya majirani ipelekwe ingali moto, ya kwenu iingie friji. Wali uliolala nje ukiupasha moto unanukia vizuri tu, lakini sumu inayotengenezwa na vijidudu vyake haiondoki kwa moto, na hapo ndipo Idd pili inaishia zahanati. Ya friji ipashwe mara moja mpaka itoe mvuke, iliwe, iishe. Ukoko mpe mama, kama hajaudai mwenyewe.